Fimbo Isiyorudishwa Shungwi

Enzi hizo miji ya pwani ya Mrima ilikuwa na madiwani, watawala wake, na kila mji ulijiona ndio kitovu cha dunia. Shungwi ulikuwa mmoja wao. Ulikuwa na ukuta wa mawe, lango la mninga lililonakshiwa, na majoho ya hariri yaliyonunuliwa kwa pembe na ambari. Watu wake walikuwa na kila kitu ndani ya ukuta ule isipokuwa kisima. Kisima kilikuwa nje, mbele ya lango, kando ya uwanja wa michezo. Wazee waliojenga mji, Mungu awarehemu, sijui walikuwa wakifikiri nini.

Basi watu wa Ndao walipokuja na mikuki na ngao zao za ngozi ya kiboko, hawakujisumbua hata kupanda ukuta. Walipiga kambi kisimani, wakatulia.

Usicheze na kiu, ewe msikilizaji. Njaa unaweza kuidanganya kwa maneno, kiu haidanganyiki. Birika la msikiti lilikauka, madafu yakaisha, watu wakawa wanalamba umande kwenye mawe ya ukuta alfajiri. Vitoto viwili vya mtaa wa wafua chuma vilikwisha kuzikwa. Mtoto wa Ngwali, Mwanahawa, aliyekuwa bado ananyonya, alikuwa ameacha kulia. Mama yake, Mize, alimtikisa na kumtekenya nyayo, akimwomba alie japo kidogo. Hakulia.

Huyo Ngwali ndiye aliyekuwa bingwa wa kirumbizi, mchezo wa fimbo, katika Mrima nzima. Na maringo yake! Alikuwa akiingia uwanjani na kilemba chekundu, anatukana mababu wa mwenzake, anampiga kofia ikaruka, kisha anageuka kabla hata mtu hajaanguka. Mpaka siku ya harusi ya nduguye, rafiki yake Vuai alipobahatika kumwangusha kile kilemba. Watu walicheka. Ngwali hasira zikampanda, akachapa bila kuangalia, jicho la kushoto la Vuai likapasuka.

Ada ya Shungwi ilikuwa hivi: anayemtoa mwenzake damu kwa hasira, hufanywa mwanafunzi wa yule aliyeumizwa, mpaka huyo aliyeumizwa atamke, "Nimekuachia." Naye Vuai hakutamka. Tangu masika yale ya harusi alimfundisha Ngwali jambo moja tu, kupokea. Fimbo ikija, uipokee kwa fimbo yako. Kurudisha ni marufuku. Vijana waliokuwa wakimwogopa walijipanga kumchapa, wakicheka, naye akipokea huku machozi ya hasira yakimlenga. Alimchukia Vuai, tena alijichukia zaidi kila alipolitazama lile jicho.

Asubuhi ile Vuai alimkuta kibarazani, amempakata mtoto.

"Ngwali, ngoma ya kirumbizi ikilia uwanjani, silaha huwekwa chini na kisima huwa cha kila mtu. Ndao wamekulia ada hiyo hiyo."

"Watakataa."

"Bingwa wao Pandu hatakataa. Umempiga kwenye harusi ngapi yule? Hapati usingizi kwa ajili yako."

Ngwali aliinua uso. "Basi leo nampasua kichwa."

"Ukimpasua, mchezo umekwisha, na wanawake wanarudi na mitungi mikavu. Damu ikionekana, fimbo ikidondoka, mtu akigusa chini, ngoma inanyamaza. Hujui?"

"Kumbe unataka nipigwe."

"Nataka upokee, ndugu yangu, mpaka mtungi wa mwisho uingie langoni."

"Mbele ya Ndao wote? Mbele ya mke wangu?"

"Mke wako atakuwa na mtungi kichwani," alisema Vuai. "Hatakuwa na nafasi ya kukutazama."

Ngwali alimtazama Mwanahawa. Midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka kama udongo wa jaluba la mpunga lililokauka. Akampa Mize mtoto, akaingia ndani kuchukua fimbo.

Lango lilifunguliwa. Vuai alitoka mbele na ngoma begani, Ngwali nyuma yake bila silaha ila fimbo, kifua wazi, shuka imefungwa kiunoni. Pandu alipomwona aliruka juu kwa furaha, akaitupa ngao. Jemadari wake, mzee Mcha, alijaribu kumzuia.

"Mwana wee, kuna jambo hapa."

"Niache, mzee wangu! Nitammaliza kabla ngoma haijapata joto."

Mikuki ikalazwa chini, ngoma ikaanza, na wanawake wa Shungwi wakatoka wamepanga mstari, mitungi vichwani. Ndao hawakuwa na la kufanya. Ada ni ada.

Pandu alipiga juu, akapiga chini, akapiga mbavuni. Fimbo zililia kwa kugongana. Ngwali alipokea zote. Mitungi ya kwanza ikajaa, ikaingia langoni. Hapo mzee Mcha akang'amua.

"Pandu! Wanachota! Mmalize, mpumbavu wee!"

Pandu akaongeza nguvu, na alipoona nguvu hazitoshi akatumia ulimi. "Ngwali, nani aliyekuhasi? Yule chongo ndiye bwana wako siku hizi?" Ndao wakaangua kicheko. Pandu akaghafilika kwa kicheko chao, akashusha mkono, na paji lake la uso likabaki wazi kabisa, linang'aa jasho. Ngwali aliliona. Mwili mzima ulimtetemeka kwa uchu. Fimbo moja tu, na dunia ingejua yeye ni nani!

"Pokea," alisema Vuai polepole, bila kuacha kupiga ngoma.

Alipokea. Lakini kule kutetemeka kulimchelewesha, na fimbo iliyofuata ikampata mdomoni. Alisikia jino likivunjika na mdomo ukijaa damu. Damu ikionekana, basi. Akafumba mdomo, akameza.

Mize alikuwa bado kwenye mstari, mbali na kisima.

"Jibu basi!" alipiga kelele Pandu. "Mbona leo huna maneno? Mkeo yule pale, anatazama! Nikuombee nguo zake uvae?"

Ngwali hakuweza kujibu, maana kujibu kungemwaga damu. Yeye, aliyewahi kutukana mpaka mababu wa watu, alimeza na kupokea, akameza na kupokea. Vidole vya mkono wa kulia vilivunjika juu ya fimbo. Akaihamishia kushoto. Goti lilimlegea, akajiinua kabla halijagusa mchanga. Alikuwa analia waziwazi, na Ndao waliyaona machozi wakashangilia. Vuai naye alikuwa analia, kwa jicho lake moja, mikono iko palepale juu ya ngoma.

Hatimaye Mize alipita, wa mwisho, mtungi umejaa hadi shingoni. Hakugeuka. Alipokivuka tu kizingiti, Ngwali akafumbua mdomo, damu ikamwagika kifuani, akaanguka kifudifudi.

Ngoma ikanyamaza. Pandu alibebwa juujuu kama bwana harusi.

"Nimekuachia," alisema Vuai, akimkokota Ngwali kuelekea langoni. "Unanisikia? Nimekuachia." Ngwali alikwisha kuzimia.

Maji yale yaligawiwa kwa kifuu cha nazi, na yaliwavusha mpaka mvua ya vuli ilipoanza kunyesha. Ndao wakashindwa na homa na matope, wakarudi kwao. Lakini walirudi na wimbo: *Ngwali kapigwa na Pandu, hakurudisha hata moja.* Wimbo wenyewe ulikuwa mtamu, ukaenea Mrima nzima, na haukuchukua muda ukaingia Shungwi.

Miaka ikapita. Siku moja Ngwali alimsikia binti mmoja akiuimba kisimani, anavuta kamba kwa mapigo yake. Vuai alitaka kumkemea, amweleze ukweli. Ngwali akamshika mkono kwa vidole vyake vilivyopinda.

"Mwache aimbe," alisema. "Sauti ya Mwanahawa hiyo."