Mgeni Mrefu wa Kocha Lindqvist

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Greta Lindqvist, msichana wa miaka kumi na miwili, alikaanga mayai huku baba yake akizungumza kwenye simu. Baba alikuwa kocha wa mpira wa kikapu katika chuo kidogo cha mji wao, kule Iowa. Msimu uliopita timu ilifungwa mechi ishirini na nne, kisha wachezaji saba wakahamia vyuo vingine. Sasa baba alikuwa akiijenga upya: asubuhi anambembeleza huyu, jioni anamsihi yule. Timu ikishindwa tena angeachishwa kazi, nao wangehama mji kwa mara ya nne. Greta alikuwa amechoka kuwa mgeni kila shule.

Jumamosi moja alikuja kula nyumbani kwao Lionel Broussard, kijana wa Louisiana aliyetaka kuhama chuo chake, mrefu hata akainama mlangoni. Alifuatana na bibi yake, Bi Odessa. Vyuo vitatu vingine vilikuwa vikimgombea.

Bi Odessa alionja viazi vya kuponda. "Nani kapika hivi?"

"Mimi," Greta alijibu.

"Chumvi umeiogopa, mjukuu wangu. Lakini vinalika!"

Wote wakacheka. Simu ikalia, baba akatoka nje kuipokea. Lionel akamgeukia Greta.

"Hebu niambie, mdogo wangu. Yule Pruitt, mgawaji wenu wa mipira, anabaki? Mimi urefu ninao, lakini bila mtu wa kunipasia nitasimama tu pale kama mlingoti."

Greta alijua vizuri kwamba Pruitt alikuwa ameiaga timu kwa simu asubuhi ile ile.

"Anabaki," akasema. "Ameapa haendi popote."

"Basi mambo yamekwisha!" Baba aliporudi, Lionel alisimama akampa mkono. "Kocha, nakuja kwako. Sina haja ya kuona chuo kingine."

Baba alicheka kicheko ambacho Greta hakuwa amekisikia tangu msimu uishe. Furaha ile ilimchoma moyo, naye akaisukuma kando sahani yake ya pai ya tofaa.

"Nimedanganya," akasema, machozi yakimlengalenga. "Pruitt ameondoka leo."

Baba aliketi taratibu. "Ni kweli. Nilitaka kuwaambia baada ya kula, kumbe nilipaswa kuanza na hilo. Mtusamehe. Lionel, ahadi yako haikufungi."

Lionel alimtazama bibi yake, naye Bi Odessa akaweka uma chini.

"Kwa nini umesema, binti? Ungenyamaza, tungesaini."

"Angekuja kujua akifika," Greta alisema, "halafu baba angeonekana mwongo."

"Umesikia, Lionel? Kote tulikopita tumeahidiwa mbingu na nchi. Hakuna hata mmoja aliyetuambia paa lake linavuja."

Lionel akatabasamu. "Basi, Kocha, bado naja. Tumtafute mgawaji. Namjua mmoja kwetu, mfupi, ana mdomo huyo! Lakini pasi zake utazipenda."

"Nipe namba yake," baba alisema hata kabla Lionel hajamaliza.

Bi Odessa akamshika Greta mkono. "Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu. Kwa uongo ungetupata wiki moja, kisha tungeondoka na hasira. Kwa ukweli tunabaki kwa hiari yetu, na hatufungwi kamba. Ila siku nyingine useme kweli tangu mwanzo, usimtoe bibi yako jasho!"