Maji Yaliyotajiwa Jina la Mtoto

Haya yalimkuta Scholastika, jirani yetu wa ukuta mmoja pale Mji Mpya, na aliyasimulia mwenyewe huku anachambua mchele, hapandishi sauti wala haishushi, kama mtu anayesoma tangazo la mnada.

Ilikuwa Aprili ya mwaka tisini na tatu, siku ya kawaida kabisa. Lukasi, mumewe, alikuwa amepata pikapu ya mtumba kutoka Japani, viti bado vina nailoni, na siku hiyo walikuwa wanapanda Kinole kumpeleka Tomasi, mtoto wao wa miezi mitatu, akapaone kwa bibi yake. Wakapitia kwanza duka la spea la Luqmani, moja ya yale maduka yaliyoota kila kona biashara ilipoachiwa huru. Zamani kioo cha mbele kilifutwa kwa tambara na maji, basi. Sasa Luqmani alikuwa na rafu nzima ya chupa kutoka Dubai, za kutia kwenye maji ya waipa tu.

"Hii ya bluu ni ya kiangazi," Luqmani alisema. "Vumbi, wadudu waliogandia kioo, inang'oa vyote. Lakini mlimani masika hii, ukungu na baridi, itakuachia utando kama mafuta ya nazi. Chukua nyeupe. Ina spiriti, inakauka upesi."

"Kumbe kioo nacho kina nguo za msimu!"

"Wewe mwenyewe si umevaa sweta? Au la mapambo hilo?"

Lukasi alicheka mpaka akashika kaunta. Halafu akachukua ya bluu, kwa sababu ilinukia vizuri.

Walilala Kinole kwa mama yake Scholastika, Mama Bernadeta, na kesho yake saa nne asubuhi wakaanza kuteremka na mikungu ya ndizi nyuma. Ukungu ulikuwa umelalia barabara. Lori lililokuwa linapanda likawarushia tope kioo kizima. Lukasi akabonyeza maji ya waipa, waipa zikapita mara moja, mara mbili, na kioo kikawa kama kimepakwa uji. Alichosema Luqmani ndicho hicho. Tairi la kushoto likagusa ukingo wa korongo, Scholastika akasikia mawe yanaporomoka chini, yanaporomoka, na hakusikia yakifika.

Lukasi akasimamisha gari. Hatua kama ishirini mbele, chini ya jabali, kulikuwa na chemchemi.

Scholastika aliijua. Ilikuwa ya ukoo wa mama yake. Maji yale hayanywewi, hayafui nguo, hayapikii. Kazi yake mbili tu: kumwogesha mtoto anapozaliwa na kumwosha mtu anapokufa. Mtoto anaanziwa miguuni kwa sababu anakuja. Maiti anaanziwa kichwani kwa sababu anaondoka. Na hayachotwi kimya. Mwenye zamu anakuuliza ni ya nani, unataja jina, ndipo anakuchotea. Kila mtu huchotewa mara mbili maishani, na Tomasi alishachotewa ya kwanza. Mama Bernadeta mwenyewe aliyaleta mjini siku ya tatu baada ya Scholastika kujifungua.

Mwenye zamu siku hiyo alikuwa Bibi Mwaisha, amekaa juu ya jiwe anamenya mihogo.

"Shikamoo, bibi," Lukasi alisema, ameshika kidumu cha lita tano.

"Marahaba, mwanangu. Maji ya nani?"

"Ya gari, bibi. Kioo kimechafuka."

Bibi Mwaisha akaendelea kumenya. "Gari halina mama. Hapa pana maji ya watu."

Lukasi ni mtu wa Kisaki, mambo ya huku hayajui, na alikuwa na haraka ya kuwahi soko. Akageuka akamwona mkewe kwenye gari na mtoto mapajani.

"Basi ya mwanangu. Tomasi. Yule pale."

"Kidumu kizima? Huyo mtoto au ndama?"

"Mchafu sana, bibi, anapenda udongo."

"Miezi mitatu hii udongo kauona wapi?" Bibi akacheka, meno mawili. Akainua kata ya kuchotea. "Tomasi wa nani?"

"Wa Scholastika."

"Wa Scholastika wa Bernadeta. Haya."

Scholastika alisikia kila neno. Dirisha lilikuwa wazi. Angeweza kusema. Aliona aibu kumwumbua mumewe mbele ya mtu mzima, akajiambia ni kioo tu, wakioshe waende zao. Akapandisha dirisha. Lukasi akafungua boneti, akamwaga ile ya bluu yote chini, akajaza maji ya chemchemi.

Akabonyeza. Kioo kikang'aa kama hakijawahi kuchafuka.

"Unaona? Luqmani na spiriti yake!"

Wakaenda. Baada ya kona ya pili Scholastika alihisi ubaridi mapajani. Akamtazama mtoto. Kichwa cha Tomasi kilikuwa kimelowa chepechepe, nywele zimelala, maji yanaingia masikioni. Akatazama juu, paa la gari kavu. Madirisha yamefungwa. Akamfuta kwa nepi, akafikiri ni jasho, labda homa.

Tope jingine. Lukasi akabonyeza.

Mkono wa kulia wa Tomasi ukalowa. Mbele ya macho yake. Kuanzia begani, taratibu, mpaka kwenye kucha, kama kuna mtu anaupitishia kiganja.

"Lukasi."

"Mm."

"Usibonyeze tena."

"Nitaonaje?"

"Usibonyeze, nakuomba."

Akamtazama mkewe, akaona uso wake, akaondoa mkono kwenye swichi. Wakaenda polepole. Ukungu ukazidi. Halafu maji yakaruka kwenye kioo, yakaruka kwa nguvu, waipa zikapita.

"Sijagusa," Lukasi alinong'ona.

Mkono wa kushoto.

Mtoto hakulia. Hilo ndilo lilimtisha Scholastika kuliko maji. Mtoto anayelilia hata chupi ya nepi ikibana alikuwa ametulia, macho wazi, anatazama kitu kilichomwinamia. Midomo ilikuwa inageuka rangi ya majivu.

Kichwani. Mkono wa kulia. Wa kushoto. Alimwosha bibi yake mzaa mama akiwa kidato cha tatu, alikumbuka mpangilio. Bado kifua. Bado tumbo. Bado miguu. Ikiisha miguu, anafunikwa.

Maji yakaruka. Kifua.

Akaingiza mkono ndani ya soksi. Miguu ilikuwa mikavu bado. Ya moto bado.

"Simama!"

"Hapa kona, mama Tomasi, tutagongwa—"

"Simama!"

Maji yakaruka. Tumbo.

Alishuka gari halijasimama vizuri. Akamwekea Lukasi mtoto mikononi, akafungua boneti, akang'oa kifuniko cha chupa ya maji ya waipa. Maji yalikuwa yamebaki kidogo. Yalikuwa yanazunguka yenyewe, yanajikusanya kupanda tena. Akatumbukiza kiganja. Akachota. Hakujua sala ya kusema, na rozari ilikuwa kwenye mkoba. Alichojua ni kwamba maji yale yanataka jina, na jina yalilopewa lilikuwa la mwanawe.

Akajimwagia kichwani.

"Siyo ya Tomasi," alisema, haraka haraka, anachota anajimwagia, anachota anajimwagia. "Ya Scholastika wa Bernadeta. Mliambiwa uongo. Ni yangu. Ya Scholastika wa Bernadeta." Mkono wa kulia. Wa kushoto. Kifua. Tumbo. Akavua ndala, akamalizia miguu, akakung'uta chupa mpaka tone la mwisho.

Ndani ya gari Tomasi akapiga kelele. Kilio kikubwa, cha hasira, cha njaa. Lukasi naye alikuwa analia.

Scholastika alirudi akakaa kwenye kiti. Akamnyonyesha. Aliona mtoto ananyonya, aliona shavu linakwenda, lakini hakuhisi kuvutwa. Lukasi akanyoosha mkono kumpangusa nywele, akaurudisha.

"Mbona mkavu?"

Akamhamishia Tomasi titi la pili. Walifika Morogoro saa saba mchana, wakauza ndizi. 

Tomasi alinenepa. Scholastika alipika, alifua, alikwenda kliniki, akasimama kwenye foleni. Mwiba ulimwingia kisiginoni akatembea nao siku mbili mpaka Lukasi alipouona. Hakuwa na huzuni. Hakuwa na hofu pia, ndivyo alivyosema, na aliposema hivyo mimi ndiye niliyemvuta mwanangu karibu.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumapili. Alikuwa anapiga pasi ya mkaa nguo za kanisani, kaa likadondoka likaunguza kanga aliyojifunga, tundu la ukubwa wa shilingi juu ya goti la kulia. Alilitambua kwa harufu. Akalizima kwa vidole. Hata moshi ulikuwa haujaisha chumbani Mama Bernadeta alipobisha hodi.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamtazama jicho moja, halafu la pili, akamtazama mtoto mkekani. Akakaa chini.

"Ijumaa ulikuja kwangu," alinong'ona. "Adhuhuri. Ulisimama mlangoni, nikakukaribisha ndani hukuingia. Hukutaka hata uji. Ukasema umekuja kuaga."

"Ijumaa nilikuwa hapa, mama. Muulize Lukasi."

"Uliacha hii."

Akafungua mfuko wa plastiki. Akatoa kanga. Ilikuwa inachuruzika maji, yakaenea kwenye mkeka mpaka Tomasi akaondolewa. "Naianika juani, naianika motoni. Haikauki."

Scholastika aliikunjua. Ua lile lile la kanga aliyojifunga, mshono ule ule wa pembeni aliouweka kwa uzi mweusi baada ya kukosa wa bluu. Akaishusha mpaka kwenye goti la kulia.

Tundu lilikuwepo, la ukubwa wa shilingi.

"Hapo usiguse," mama yake alisema. "Tangu juzi panaunguza."

Scholastika akapitisha kidole kwenye tundu. Akakizungusha kingoni, polepole, mara mbili. Ngozi ikabadilika rangi, malengelenge yakaota, na maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akasubiri ahisi kimojawapo, moto au maji.