Miguu ya Murugi Sio Nguzo ya Duka

Kila asubuhi Murugi alivaa soksi ndefu, pea mbili. Baridi ya Nyeri mwezi wa saba haina huruma, na sakafu ya duka alikofanya kazi ni simiti tupu. Lakini soksi zilipenda kuteremka. Kwa hivyo alichukua blada, ule mpira wa tyubu watu hufungia mizigo kwa baiskeli, akaifunga chini ya goti. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, akakaza. Kisha akatoka nyumbani kwake mtaa wa Skuta, akaenda kazini.

Duka lilikuwa la yunifomu za shule. Mwenyewe aliitwa Theuri. Wafanyakazi walikuwa wawili, Murugi na msichana anaitwa Wendy. Zamani kulikuwa na stuli mbili nyuma ya kaunta. Mwezi wa tano Theuri alizibeba akazifungia stoo.

"Mteja akiingia akupate umekaa, anaona nini? Anaona uvivu," alisema.

Alisema hayo akiwa amekaa. Kiti chake kilikuwa na mto, na chini ya meza kulikuwa na hita ya kumpasha miguu.

Basi Murugi na Wendy wakasimama, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Mteja akiwa ndani, wamesimama. Mteja asipokuwa, wamesimama, wanaangalia sweta na sweta zinawaangalia.

Jumamosi moja jioni Murugi alikuwa amekaa kitandani akifungua blada. Jirani yake, Mwanaisha, akaingia kurudisha sufuria. Mwanaisha ni nesi kwa zahanati. Aliona miguu ya Murugi, akaweka sufuria chini.

"Mama Nduta, hiyo ni nini?"

"Ni blada tu. Inashika soksi."

"Naona ni blada. Nauliza inafanya nini kwa mguu. Kwani wewe ni gunia ya viazi?"

Nduta, binti wa Murugi, akacheka. Mama yake hakucheka.

Mwanaisha akabonyeza mguu karibu na kifundo kwa kidole gumba. Alipotoa kidole, shimo lilibaki. Hapo chini ngozi ilikuwa imeanza kuwa nyeusi.

"Inauma?"

"Jioni inakuwa nzito, kama imejazwa mchanga. Na hapo penye ni peusi panawasha."

"Zimefura zote mbili? Hakuna moja iko na joto, inauma kushinda ingine?"

"Hapana. Ziko sawa tu."

"Afadhali. Siku mguu mmoja utafura ghafla na kuuma, usingoje kesho, nenda hospitali. Inaweza kuwa damu imeganda ndani. Na kama unakosa pumzi ama kifua kinauma, hapo ni kukimbia."

Kisha Mwanaisha akashika shavu la mguu wake mwenyewe, ile nyama ya nyuma.

"Moyo unasukuma damu ifike huku chini. Kurudi juu, inasaidiwa na hii nyama. Ukitembea inakaza, inaachilia, inakaza, inaachilia. Ni pampu. Ukisimama pahali pamoja siku nzima, pampu imelala na damu inabaki chini. Halafu wewe unakuja kufunga barabara na blada."

"Blada ni makosa yangu, nimekubali," Murugi alisema. "Lakini kusimama sikuchagua. Ni Theuri alichukua stuli."

"Yeye husimama?"

"Akienda choo."

"Basi sikia. Kuna sheria ya usalama kazini, ni ya 2007. Mtu akifanya kazi amesimama, mwenye kazi lazima aweke pahali pa kukaa, akipata nafasi apumzike. Hiyo sio huruma, Mama Nduta. Ni sheria."

Murugi alihesabu kwa vidole. Miaka kumi na moja kwa hilo duka. Ati siku moja alikuwa amemwomba Theuri msamaha kwa sababu aliegemea kaunta.

Jumatatu aliomba ruhusa akaenda zahanati, maana Mwanaisha alimwambia miguu inaweza kufura pia kwa ugonjwa wa moyo au figo. Alipimwa presha, sukari na mkojo. Vyote vilikuwa sawa. Lakini daktari aliangalia ile ngozi nyeusi akatikisa kichwa.

"Ukiendelea hivi hapa patapasuka pawe kidonda. Na kidonda cha hapa huchukua miezi kupona."

Jumanne Murugi aliingia dukani amebeba stuli ya jikoni kwake.

"Hiyo ni ya nini?" Theuri aliuliza.

"Ya kukaa, kama hakuna mteja."

"Ukitaka kukaa, kaa kwako. Huko nje kuna wasichana mia wanataka hii kazi."

Murugi aliweka stuli chini. Alikuwa peke yake na Nduta, na kazi ilikuwa hiyo moja. Lakini alikuwa amekasirika kuliko alivyoogopa.

"Sawa. Niandikie hiyo kwa karatasi. Andika umenifuta juu ya stuli, uweke sahihi. Naenda nayo ofisi ya leba, ile ya mambo ya wafanyakazi, wanisomee sheria inasema nini."

"Sheria gani?"

"Ile ya 2007. Ama hukuambiwa?"

Wendy akasogea karibu. "Na mimi niandikie, bosi. Yangu uandike na tarehe."

Theuri alishika kalamu. Hakuandika kitu. Wakati huo mama mmoja mzee aliingia, akaona stuli, akaikalia kabla ya kusalimia.

"Hapa ndio duka sasa," alisema. "Kwingine mtu anachagua sweta akifa na maumivu ya magoti. Nionyeshe ya darasa la nne."

Alichagua tatu, polepole. Theuri akaenda stoo akarudi na zile stuli mbili, zimejaa vumbi.

Siku hizi Murugi havai blada. Amenunua soksi zisizobana. Akiwa amesimama anainua visigino, anashusha, mara ishirini. Saa ya chakula anazunguka soko kwa miguu. Jioni analala chali robo saa, miguu juu ya blanketi zimekunjwa, iwe juu kupita kifua. Shimo la kidole halibaki tena, na kuwasha kumeisha.

Theuri anaambia wateja ati kuweka stuli ilikuwa wazo lake. Wendy anataka kumkosoa. Murugi anamwambia amwache aseme.

Anamwambia hivyo akiwa amekaa.