Njuguna Aacha Dawa Msimu wa Kunyoa Kondoo

Njuguna wa Olenguruone hunyoa kondoo kwa mkasi. Wafugaji humwita kila upande, naye hupenda sana kuitwa. Ana sifa, na anajua kwamba ana sifa.

Tatizo ni moyo wake. Hupiga ovyo ovyo, bila mpangilio. Daktari alimpa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Aliimeza vizuri mpaka msimu wa kunyoa ulipofika. Mkasi ukamkata kidole, damu ikachuruzika sana, sufu nyeupe ikachafuka. Mwenye kondoo akanuna. Basi Njuguna akaacha dawa mpaka msimu uishe. Hakumwambia mtu.

Siku ya sita bila dawa, mkasi ulimponyoka. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea. Alijaribu kusema, maneno yakatoka nusu nusu. Mkewe, Wangeci, alidhani ni mzaha, akacheka. Kisha akaona mdomo umeenda upande. Akapiga mayowe.

Jirani yao Chepchumba, mhudumu wa afya ya jamii, alikuja mbio. Alipofika, mkono ulikuwa umerudi sawa.

"Imeisha," Njuguna akasema. "Wacha nimalize huyu kondoo."

"Kondoo atangoja, mzee. Hiyo ni dalili ya kiharusi, hata kama imeisha. Twende hosi sasa hivi!"

Ndani ya gari Chepchumba akauliza, "Dawa unameza?"

"Nilisimamisha kidogo tu. Damu ilikuwa inaharibu sufu."

"Ngai!" Wangeci akashika kichwa. "Sufu ama wewe?"

"Moyo ukipiga hivyo, damu inatuama ndani, inaganda," Chepchumba akaeleza. "Donge likienda kwa ubongo, unapooza ama unakufa. Dawa ndiyo inazuia. Usiiache bila kuuliza daktari."

"Na nikijikata?"

"Vaa glavu. Ukijikata, finya na kitambaa safi dakika kumi. Damu ikikataa kukoma, ama ukigonga kichwa, kuja hosi. Na usinunue dawa ya maumivu bila kuuliza, zingine zinazidisha kutoka damu."

Hospitalini Nakuru alipigwa picha ya kichwa, akapimwa damu, akaanzishiwa dawa tena. Njuguna aliogopa kweli kweli. Tangu siku hiyo hajaruka hata kidonge kimoja, na vipimo vya damu vinatoka vizuri.

Glavu zimempunguzia kasi, kwa hiyo Wangeci naye alishika mkasi. Sasa wateja wengine humuulizia mama kwanza.

"Amenipita kazi," Njuguna huwaambia huku akicheka. "Lakini heri kuwa namba mbili nikiwa mzima."