Vigingi vya Rispa

Asubuhi hiyo Mong'ina alimaliza kukamua ng'ombe, akaenda shambani. Alimkuta mumewe, Onyancha, akifunga nyanya kwenye vijiti vipya. Vijiti vilinyooka vizuri, na kila kimoja kilikuwa na rangi nyekundu kichwani.

"Baba Emmah, hizo si vigingi za Rispa?"

"Zilikuwa zake," Onyancha alijibu, akaendelea kufunga.

Rispa alikuwa mfanyakazi wa chama cha watumiaji wa maji ya Mto Kuja. Jana yake alipima ukingo wa mto na kupiga vigingi, hatua kumi kutoka majini. Alisema wakiacha kulima sehemu hiyo, chama kitawalipa kila mwaka. Onyancha hakuwepo. Aliposimuliwa jioni, alinuna hata ugali ukamshinda.

Mong'ina alimwelewa. Walitoka Nyamira miaka tisa iliyopita, wakauza kila walichokuwa nacho ili kununua shamba hili karibu na Ndhiwa. Kwao, mtu akipima ardhi yako, akapiga vigingi, kisha akakupa pesa, basi umeuza.

Saa nne Rispa alifika kwa pikipiki. Aliona ukingo mtupu, kisha akaziona nyanya. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Yawa, Baba Emmah. Hizi nyanya zimepimwa vizuri."

Onyancha hakucheka. "Madam, shamba yangu siuzi. Nikikula pesa yako leo, kesho utaniletea karatasi niondoke."

"Mimi sinunui. Taito ya shamba ibaki kwa sanduku yako. Naomba tu hapo kando usilime. Panda nyasi ya nepia na miti ya kienyeji."

"Nani analipa mtu kwa kutolima?"

Rispa aliwapeleka ukingoni. "Fensi yenu ya kwanza ilikuwa wapi?"

Mong'ina ndiye aliyeonyesha kwa kidole, katikati ya maji. "Pale."

Kila masika mto ulimega kipande. Walikuwa wanajua wote wawili, ila hakuna aliyetaka kulisema.

"Udongo ya hapo sasa iko wapi?" Rispa aliuliza. "Imejaa kwa mtambo ya maji huko chini. Watu wanaikunywa. Kila mara wanalipa kuitoa. Wameona afadhali wakulipe wewe, mizizi ishike udongo huku juu. Nyasi ni yako, kata ng'ombe ikule. Shamba ni yako. Mimi sichukui kitu. Mwenye anachukua ni huyu." Akaelekeza mto.

Onyancha alimgeukia mkewe. "Mama Emmah, unasemaje?"

Hakuwa na mazoea ya kumuuliza mbele ya watu. Mong'ina alimpenda sana wakati huo.

"Nasema tusome hiyo karatasi kwanza. Neno kwa neno."

Waliisoma wakiwa wameketi kwenye nyasi. Ilisema shamba linabaki lao. Chama kitakagua ukingo kila mwaka, ndipo kilipe. Wakichoka, watatoa taarifa na kuacha. Wote wawili walitia sahihi. Kisha Onyancha akaenda kung'oa vigingi kwenye nyanya, akinung'unika na kuziomba nyanya msamaha.

Rispa alipokagua na kukuta ukingo haujalimwa, malipo ya kwanza yalikuja kwa vocha. Waliipeleka kwenye duka la Suleman mjini Ndhiwa, wakachukua miche na vipando vya nepia. Nepia ilipokua, ng'ombe alishiba na maziwa yakaongezeka.

Masika yalifika. Mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika. Ilipokatika, Mong'ina alimkuta Onyancha ukingoni, miguu mitupu. Maji yalipita kwa nguvu. Nepia ililala chini, lakini mizizi haikuachia.

"Mto umechukua mpaka wapi?" Mong'ina aliuliza, kama alivyouliza kila mwaka.

"Haujachukua."

"Hata kidogo?"

Onyancha alitikisa kichwa. Mong'ina akamshika mkono mchana kweupe, jambo ambalo hawakuwa wamewahi kufanya, wakasimama pale juu ya shamba lao lote.