Muoka Biskocho na Bibi Maswali

Hakuna mtu katika jiji zima la Iloilo anayeweza kunishinda mimi, Onyok, kumfundisha mwenzake kujifanya mjinga. Nipe profesa asubuhi, jioni nakurudishia mtu asiyejua kufungua mlango. Wanaosema mimi mwenyewe sijifanyi, hao wana wivu tu.

Basi sikilizeni mapenzi ya rafiki yangu Nante, ambayo kipaji changu kilikaribia kuyazika.

Yalianzia soko la La Paz, mchana wa mvua. Kwenye banda la Nang Puring watu walikuwa wamebanana juu ya mabakuli ya batchoy, ile supu ya tambi na uboho, kila mtu anapuliza, kila mtu anafyonza. Kilibaki kiti kimoja. Nante alikifikia akitokea kulia, nyusi zimejaa unga, maana kazi yake ni kuoka biskocho, ule mkate mkavu wa siagi na sukari. Arlyn alikifikia akitokea kushoto, blauzi yake ya njano imenyooka kwa pasi, mwavuli unachuruzika, viatu mkononi.

“Nimefika kwanza,” Nante akasema.

“Umefika na nusu ya makalio. Nusu ya kiti ni yangu.”

“Kaeni nusu nusu au mtoke,” akasema Nang Puring, mwenye banda, bila kuinua macho kwenye sufuria. “Mchuzi haungoji wapenzi.”

Wakakaa nusu nusu, bega kwa bega, kila mmoja akijifanya bakuli lake lina mambo makubwa ya kutazama.

“Kaka, umezeeka nyusi tu, au na mahali pengine?”

“Ni unga, dada. Na wewe unafanya kazi gani yenye ulimi mkali hivyo?”

“Ustawi wa jamii. Wananiletea vijana waliogongana na sheria. Nakaa nao, nawauliza maswali, nijue kama siku ile walielewa walichokuwa wanafanya.”

“Na mimi ungenionaje?”

“Una miaka mingapi?”

“Ishirini na minane.”

Arlyn akamtazama toka nyusi hadi kandambili. “Kwa kitambulisho, sawa. Kwa ulivyogombania kiti, kumi na mmoja.”

Nante akacheka mpaka tambi zikampalia, na Arlyn akampiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mkono ule haukuondoka haraka. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Ikawa kila jioni simu inalia.

“Shikamoo, Bibi Maswali.”

“Marahaba, Bwana Siagi. Swali la leo: rafiki yako anakwambia mruke ukuta mkaibe maembe. Unafanya nini?”

“Nauliza kwanza kama yameiva.”

“Miaka kumi na miwili. Unakua, mpenzi wangu, unakua.”

Neno lile “mpenzi wangu” lilimfanya Nante atie chumvi palipotakiwa sukari, na wateja wakala wakanyamaza kwa kuwa walimpenda.

Kisha akatokea Kokoy, mtoto wa dada yake Nante, miaka kumi na sita, miguu mirefu kuliko busara. Nang Puring alikuwa na pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mifupa ya supu. Adhuhuri moja ilikuwa imeegeshwa na ufunguo wake, Kokoy akapita na wenzake, wenzake wakaanza kushangilia: “Huwezi, Kokoy! Huwezi!” Kumbe aliweza, mpaka kwenye mfereji. Pikipiki ikasimama kwa pua, sufuria zikielea kama bata. Nang Puring akaenda kushtaki.

Sheria yetu inasema kijana wa umri ule, kama hakutambua alichokuwa anafanya, hashtakiwi. Anarudi nyumbani na kuangaliwa. Kama alitambua, faili linaweza kufika mahakamani. Mtaani kwetu kila mtu ni wakili, na mawakili wote wakaamua: Kokoy ajifanye zuzu. Nani wa kumfundisha? Nikakohoa kwa unyenyekevu.

Nante hakujua lolote kuhusu masomo yangu. Lakini naye alikuwa na lake: aliona aibu kumwambia Arlyn kwamba mhalifu ni mpwa wake. Alijipa moyo kwamba maofisa wa ustawi wa jamii ni wengi, labda kesi itaangukia kwa mwingine. Ikaangukia kwa Arlyn.

Kokoy akaingia ofisini kwake na mama yake, mdomo wazi kama nilivyomfunza. Akaulizwa leo ni siku gani, akatazama dari. Akaulizwa mtu akichukuliwa kitu chake anajisikiaje, akatafuna penseli. Nakuambieni, alitafuna vizuri sana.

Arlyn akajifuta jasho. “Joto hili. Niwashe feni?”

“Hapana, Dada,” Kokoy akasema upesi. “Karatasi zako zitapeperuka, utapata shida kuzipanga.”

Mama yake akafumba macho.

“Kumbe mambo yatakayokuja unayaona kabla hayajaja,” Arlyn akasema polepole. “Nani amekufundisha kula penseli?”

Mlango ukafunguka. Akaingia Nante na mfuko wa biskocho. “Kokoy, umemali...”

Akamwona Arlyn. Arlyn akaona mfuko, nyusi zenye unga, na pua moja ikiwa kwenye nyuso mbili.

Simu ya jioni ile Arlyn aliipokea mara moja tu. Sisi watu wa Iloilo tuna sauti za kubembeleza hata tukigombana, kwa hiyo jirani alidhani wanapanga harusi.

“Ulinipenda kabla ya pikipiki au baada?”

“Kabla, Arlyn. Kiti kile ni shahidi.”

“Mbona hukuniambia ni mpwa wako? Nilikuwa nakaa hapa nakuhadithia kazi yangu, wewe unamfunza mtoto kunichezea.”

“Sikumfunza mimi.”

“Lakini ulinyamaza.”

Nante akavuta pumzi aseme, Arlyn akamwahi.

“Kesi nimempa mwenzangu, Bi Soledad, maana siwezi kumpima mtoto ambaye mjomba wake namlilia. Na wewe usinipigie.”

Siku zilizofuata biskocho za Nante zilitoka nyeusi. Kokoy alisimama mlangoni, akanusa.

“Mjomba, moshi huu ni wangu?”

“Ni wangu. Nenda shule.”

Hakwenda shule. Alimchukua mama yake mpaka kwa Bi Soledad, akakaa wima, mdomo umefungwa.

“Nilijua ni kosa,” akasema. “Nikiwa peke yangu najua kila kitu. Wenzangu wakishangilia, akili inatoka nje kupunga upepo. Inarudi, mimi niko mferejini. Nilimwambia uongo Dada Arlyn. Mjomba hakuhusika. Ni Onyok.”

“Kumbe unajua kuongea,” Bi Soledad akasema. “Injini yako imekua, kijana. Breki ndizo zinakuja nyuma, na breki hazikui jela.”

Akaandika kwamba Kokoy alitambua. Na kwa kuwa kosa halikuwa zito, na mwenyewe amelikiri, hawakumpeleka mahakamani; walikaa kwa mwenyekiti wa mtaa pamoja na Nang Puring. Hukumu ya mama huyo ilikuwa fupi: pikipiki itengenezwe na kila Jumamosi mabakuli yaoshwe, hadi atakapotosheka yeye.

Jumamosi ya kwanza Nante akaenda kuosha pia. Hakuna aliyemwamuru. Alikuwa amevaa aproni ya maua ya Nang Puring, povu mpaka viwikoni, Arlyn alipoingia na gauni la buluu na hereni ndogo, akakaa.

“Faili limefungwa,” akasema. “Kwa hiyo nimekuja kula.”

“Karibu. Arlyn, nilipaswa kukwambia siku ileile. Niliona aibu, nikaiacha aibu ikuumize wewe.”

Arlyn akazungusha kijiko. “Swali la leo. Unataka kitu sana, na wenzako wote wanakushangilia. Unafanya nini?”

Nante akageuka. Soko zima lilikuwa limejaa nyuma yake: wauza samaki, wauza mboga, Kokoy na bakuli kichwani. “Sema naye! Sema naye!” Akainua mkono wenye povu na kungoja. Kelele zikapungua, zikaisha, ukasikika mchuzi peke yake ukichemka.

“Nangoja wanyamaze,” akasema kwa sauti ya chini, “kisha naomba mwenyewe. Naomba Jumapili nije kwenu, nikae mbele ya wazazi wako, niseme nataka kukuoa.”

“Ukiogopa?”

“Nitawaambia naogopa.”

“Miaka ishirini na minane,” Arlyn akasema, na machozi yakamdondokea kwenye mchuzi. “Njoo. Lakini lete mkate laini, baba hana meno.”

Maneno hayo ya mwisho walinong’onezana, na mimi, kwa heshima, nilikuwa nimeshaondoka zamani kuwaachia nafasi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawasimulia watu jana, palepale bandani, Nang Puring alipoweka mwiko chini.

“Kama uliondoka, Onyok,” akauliza, “ni nani niliyemmwagia mchuzi mgongoni chini ya meza ile, akauma kidole asipige kelele? Hebu geuka, uwaonyeshe shati.”

Sikugeuka.