Kalibu Iliyoachwa Wazi

Phineas alishika sufuria ya alumini ikiwa ndiyo kwanza imetoka mchangani, bila koleo, kwa mkono mtupu. Akanusa nyama ikiungua. Akageuka kutazama ni nani anachoma mutura saa nane mchana, kumbe ni kiganja chake.

"Wewe! Mkono!" Nanzala, mwenzake wa kushindilia mchanga, alimpokonya. "Kwani huskii?"

"Siskii kitu."

Nanzala akakumbuka ya jana. Katika karakana yao hapo Eldoret kuna jambo moja hata mlevi halisahau: ukishatengeneza kalibu mchangani, ile nafasi tupu unaijaza au unaivunja. Huiachi. Sasa jana stima ilipotea, feni ya tanuri ikazima, na huyu bwana akaenda zake kula githeri, kalibu iko wazi! Waliporudi, kitu kilikuwa kikivuta pumzi ndani ya mchanga. Phineas akacheka, akamwaga alumini juu yake. Ujinga gani huo?

Nanzala alimwita Mzee Yasin, anayewaletea vyuma chakavu na kusomea watu wenye majini. Mzee alikitazama kile kidonda, asikiguse.

"Sufuria ya jana iko wapi?" alinong'ona.

"Ilitoka mdomo umepinda. Nikapeleka nyumbani. Ashley anapikiwa uji nayo."

Ashley ni bintiye, miaka minne.

"Kimbia, uiponde. Huyo anaanza na ngozi. Akifika moyoni hata mimi simtoi, kwa sababu wewe mwenyewe hutataka atoke."

Phineas alichukua nyundo akashika njia ya nyumbani, Kimumu, jua likiwaka, akijaribu kukumbuka kama chai ya asubuhi ilikuwa ya moto, na kama Ashley alilia alipopewa uji kutoka jikoni moja kwa moja, na mbona hakulia, na mbona yeye babake, aliyeona haya yote, alimaliza mkate wake akaenda kazini.

Mlango ulikuwa wazi. Mkewe alikuwa akikoroga uji unaochemka kwa mkono, hadi kiwiko, akitazama ukutani. Sufuria ilikuwa ikivuta pumzi. Ashley alikuwa amechuchumaa kando ya jiko, kaa jekundu kiganjani.

"Baba, shika. Haichomi."

Phineas alijua anapaswa kupiga mayowe. Aliyatafuta kifuani, hakuyapata. Akaiweka nyundo chini polepole, akakaa karibu na mtoto wake, akanyoosha mkono.

Ni kweli. Halikuchoma.